Mahali pa kulala: jibu moja kwenye dodoso na lilichomfanyia mfungwa

Mama yule alikuwa wa sita au wa saba kwenye mstari. Bakuli la bukari, yaani ugali, amelifunga kwa kitambaa, kidumu cha maji kiko chini mguuni pake. Ilikuwa siku ya kupeleka chakula gerezani. Mwanafunzi wangu alimsalimia kama alivyozoea, maana walikuwa wamekwisha kujuana, lakini safari hii salamu haikuitikiwa. Mama alimtazama kitambo, kisha akamwambia kwa sauti ya chini: "Mutoto, ile maswali yako ilimutosha bwana yangu mu nafasi yake. Sasa analala ku mulango ya choo."

Kwa msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam nieleze kwamba kwetu Lubumbashi, huku Kongo, kutosha ni kuondoa, kutoa kitu pale kilipo. Mama alikuwa anasema maswali yetu yamemwondoa mumewe mahali pake pa kulala na kumpeleka mlangoni mwa choo. Na alikuwa anasema kweli.

Mimi ndiye niliyesimamia utafiti ule. Dodoso nililisoma, nikalisahihisha, nikaweka sahihi kwamba liko sawa. Gereza sitalitaja jina, wala mwaka, wala kosa aliloshtakiwa bwana yule, na mambo madogo madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Mwendo wa kisa nimeuacha kama ulivyokuwa.

Swali zuri

Mwanafunzi alikuwa anamaliza masomo ya sosholojia na alitaka kuandika memwari yake, yaani tasnifu ya kumaliza masomo, juu ya jambo moja: nani hasa anamlisha mfungwa? Ukiishi Lubumbashi swali hilo linakufuata mwenyewe. Kampasi ya chuo kikuu chetu na gereza kuu la mji vinashiriki jina moja, Kasapa. Njia inayopeleka wanafunzi darasani ndiyo inayopeleka akina mama na masufuria yao. Sisi hatukufanya kazi Kasapa. Tulikwenda gereza jingine, nje ya mji, ambako baadhi ya familia za mjini kwetu zina watu wao.

Ndani, chakula cha serikali ni vungule, mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, mara nyingi mara moja tu kwa siku. Zipo siku hata hiyo haifiki. Anayeshiba ni mwenye ndugu nje. Na wengi wa walio ndani hawajahukumiwa. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika ibara ya 17 kwamba uhuru ndio kanuni na kumfunga mtu ni jambo la pekee. Ibara ya 18 inawapa polisi saa 48 tu kumshikilia mtu. Sheria ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1959 inaruhusu amri ya kumweka mahabusu kwa siku 15, kisha iongezwe mwezi kwa mwezi. Lakini kuna watu wanaokaa miaka wakingoja jina lao liitwe, na miaka hiyo yote kuna mke, mama au dada anayepika.

Hayo ndiyo mwanafunzi alitaka kuyapima. Dodoso lake la kwanza lilikuwa na sehemu tatu: chakula, nauli, na muda ambao familia inapoteza. Mimi nikaongeza ya nne: hela inayozunguka ndani. Unalipa nini kwa mahali pa kulala? Unalipa nini ili usifagie? Maji je? Nilidhani ninamsaidia, kwamba memwari itakuwa na uzito zaidi. Sehemu hiyo ya nne ndiyo iliyomfikisha bwana yule mlangoni mwa choo.

Kapita na orodha yake

Kupata ruhusa kulichukua miezi minne. Barua ya chuo, mhuri, ofisi ya sheria ya jimbo, ofisi ya mwendesha mashtaka, barua nyingine, mhuri mwingine. Hayo yanajulikana na sitayarefusha. Mkurugenzi wa gereza alitupokea vizuri, akatupa chumba kidogo karibu na ofisi ya rejista, akaagiza kapita mkuu aitwe.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu bila kumwelewa kapita kisa hiki hakieleweki. Kapita ni mfungwa kama wengine, ila yeye ndiye anayewaongoza. Neno lenyewe ni la zamani. Wakati wa wakoloni kapita alikuwa msimamizi wa vibarua, na wazee wa makambi ya migodi wanalijua sana. Gerezani, walinzi wa serikali ni wachache na wanakaa zaidi kwenye lango na kuta za nje. Ndani ni utawala wa kapita na wasaidizi wake: nani analala wapi, nani anafagia, nani anatangulia zahanati, nani anaitwa mgeni wake akifika. Kanuni ya 40 ya Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zile zinazoitwa Kanuni za Mandela na zilizopitishwa tarehe 17 Desemba 2015, inakataza mfungwa kupewa kazi ya kuwaadhibu wenzake. Katazo hilo lilikuwamo hata kwenye kanuni za kwanza za mwaka 1955. Lakini mahali ambapo watu ni wengi mara nyingi kuliko nafasi na walinzi ni wa kuhesabu vidole, asipokuwapo kapita hata kugawa vungule ni vita. Sisemi kapita ni mtu mbaya. Huyu wetu alikuwa mstaarabu, anaongea polepole, anaijua hali ya kila aliye ndani.

Akamuuliza mwanafunzi: "Unahitaji batu ngapi? Tutakuletea."

Watano kwa kila siku, akajibiwa. Akatoa karatasi ya daftari, akaandika majina matano kwa mpangilio, akampa msaidizi wake. Msaidizi akawaleta mmoja mmoja, kisha akabaki amesimama mlangoni, mlango wazi, kwa usalama wa dada, yaani mwanafunzi wetu. Mwanafunzi hakuandika jina hata moja. Aliandika namba tu, mtu wa 1, mtu wa 2, kama tulivyomfundisha darasani. Tulifurahi. Tuliona kapita ametuokolea kazi ya siku nyingi.

Hatukutambua kwamba ufunguo wa namba zetu ulikuwa mfukoni mwake. Mtu wa 4 kwenye daftari letu alikuwa jina la 4 kwenye karatasi yake.

"Unaitika?"

Kuna jambo jingine lililotupita machoni, nalo ni la lugha. Kwetu, neno ambalo watu wanalitumia kwa utafiti ni anketi, kutoka Kifaransa. Anketi ni hiyo hiyo ya polisi. Mwanafunzi aliingia mbele ya watu waliofikishwa mle na anketi, akawaambia amekuja kufanya anketi.

Kisha ikaja karatasi ya ridhaa. Tulikuwa tumeiandika kwa Kifaransa, yeye akaieleza kwa Kiswahili cha kwetu, na mwisho anauliza: "Unaitika?" Kuitika ni kukubali. Lakini kwa mtu aliyekwisha kupita mbele ya afisa, kuitika ni kukubali kosa. "Unaitika ao hauitike?" Swali hilo wamelisikia wakiwa wamechoka, na njaa, pengine baada ya kupigwa. Halafu tunawapa kidau cha wino wabonyeze kidole. Wengi wa waliokuwa mbele yetu waliwahi kubonyeza kidole chini ya maelezo ambayo hawakuweza kuyasoma, na baada ya kidole hicho wakajikuta ndani. Sisi tukawaletea karatasi nyingine ya Kifaransa na wino mwingine.

Mzee mmoja alishika ile karatasi, akaigeuza mbele na nyuma, akauliza: "Nikikatala, mutaandika nini?"

Mwanafunzi alimjibu kwamba asipotaka hataandika chochote. Mzee akacheka kidogo na kubonyeza kidole. Nilipolisoma swali hilo kwenye daftari, wiki ile ile, nililipita. Leo naliona ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa chumbani mle, na aliyeliuliza ni mzee. Alikuwa ameletwa na msaidizi wa kapita. Msaidizi yuko mlangoni. Kukataa kungeonekana na kungeripotiwa kama kujibu kunavyoripotiwa. Tulimpa nafasi ya kukataa ambayo haikuwa mikononi mwetu kuitoa.

Na sabuni. Kila aliyejibu alipata kipande cha sabuni. Nje, kipande kile ni asante ndogo. Ndani kinabadilishwa kwa chakula, kwa maji, kwa kuachiwa zamu ya kufagia. Tulipohesabu baadaye tuliona kwamba hakuna hata mmoja aliyekataa kuhojiwa, na sisi tulikuwa tumeandika jambo hilo kwa fahari kwenye ripoti ya kwanza.

Dunia ilikwisha kujifunza hili kwa gharama kubwa. Katika gereza la Holmesburg, mjini Philadelphia, kuanzia 1951 hadi 1974, daktari wa ngozi Albert Kligman aliwapaka wafungwa dawa na kemikali za majaribio, wakilipwa dola chache. Walikubali na waliweka sahihi. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliweka masharti ya pekee kwa utafiti wowote unaohusu wafungwa, kwa kuwa kuishi kifungoni kwenyewe kunampunguzia mtu uwezo wa kuchagua. Sisi tuliyasoma hayo tukaona yanawahusu madaktari na sindano zao. Tulikuwa tunabeba kalamu tu.

Mtu wa 4

Sasa kisa chenyewe. Siku ya pili ya mahojiano, mtu wa 4 wa siku hiyo alifika sehemu ya nne ya dodoso. Aliulizwa kuhusu mahali pa kulala, akasema analala karibu na ukuta, mahali pakavu, na kwamba mkewe alilipia. Akataja kiasi. Hakulalamika. Alilisema kama mtu anavyotaja kodi ya nyumba.

Jioni, mwanafunzi alipita kumuaga mkurugenzi. Ni adabu, na mkurugenzi alikuwa ametusaidia. Akamuuliza, kwa wema kabisa: "Binti, unaona nini huku kwetu?" Kukaa kimya mbele ya mtu mzima anayekuuliza kwa heshima si jambo rahisi kwa binti wa miaka 23. Akajibu kwa ujumla, bila jina wala namba, kwamba wengine wanalipia mahali pa kulala karibu na ukuta.

Mkurugenzi akamwita kapita kumuuliza. Sijui kwa nia gani. Inawezekana alitaka kukomesha jambo hilo. Kapita alikuwa na karatasi yake. Siku ile waliojibu walikuwa watano, na kati ya watano mmoja tu ndiye aliyelala karibu na ukuta. Usiku huo huo mahali palibadilishwa.

Nimeupitia mnyororo huu mara nyingi nikitafuta mtu mmoja wa kubeba lawama, na kila nikifika mwisho nakuta karatasi niliyoiwekea sahihi. Mwanafunzi hakutaja jina. Mkurugenzi alifanya kazi yake. Tulichokosa kukiona ni hesabu. Mjini mwetu, ukiandika kwamba "mama mmoja wa Katuba alisema", umemficha kati ya maelfu. Ndani ya gereza, ukisema "mmoja alisema", wanaosikia wanajua tayari nani aliitwa, saa ngapi, alikaa muda gani, alitoka na uso gani. Kutoandika jina kulimlinda asijulikane na msomaji wa memwari yetu, msomaji ambaye hakuwa na uwezo wowote juu yake. Aliyekuwa na uwezo juu yake alijua kila kitu kabla wino haujakauka.

"Musiende"

Mwanafunzi alinijia siku ile ile aliyokutana na mama kwenye mstari, analia, anataka turudi kwa mkurugenzi tukaeleze, tudai bwana arudishwe mahali pake. Nilikuwa nimeinuka tayari. Kisha tukaamua kumuuliza mama kwanza, na nashukuru tulifanya hivyo.

"Musiende," alisema. "Mukienda, atalala fasi gani tena?"

Tulimuuliza anataka nini. Alikuwa na mambo matatu, na aliyataja kama mtu aliyeyafikiria njia nzima. La kwanza, mtu wetu yeyote asiingie tena ndani kuuliza habari za mumewe. La pili, alikuwa amekwisha kulipa upya ili arudishwe, na hela hiyo ilikuwa ya mfuko wa unga wa nyumba yake. Watoto walikuwa wanakula mara moja kwa siku. La tatu, alitaka karatasi yenye maneno ya mumewe.

La kwanza tulilitimiza siku hiyo. Mahojiano ya ndani yalisimama, hayakuanza tena. Tuliandika barua fupi ya shukrani kwa mkurugenzi kwamba tumemaliza, bila sababu nyingine.

Juu ya la pili tulibishana chuoni. Mwenzangu mmoja aliona kumpa mama hela ni kununua ukimya wake, na kwamba tukianza hivyo kila familia itakuja na dai. Ninamheshimu, lakini sikukubaliana naye wala sikubaliani leo. Hela ile ilitoka nyumbani kwa mama kwa sababu ya swali nililoliongeza mimi. Hilo ni deni, na deni hulipwa. Nililipa kutoka mfukoni mwangu, si kwenye bajeti ya utafiti, na nilimwambia wazi kwamba hana wajibu wa kutujibu swali jingine lolote maisha yake yote.

La tatu nitalirudia.

Kabla sijaendelea, lipo jambo lililotukuta upande wa pili kabisa, nisije nikaonekana nasema kwamba gerezani dawa ni kunyamaza. Kati ya watu wa siku ya kwanza alikuwamo kijana ambaye kwenye rejista ameandikwa ana miaka 18. Kwa mwanafunzi alisema ana 15. Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamhesabu mtoto kila asiyefikisha miaka 18, na mtoto ana jaji wake. Mahali pake si pale. Karatasi yetu ya ridhaa ilikuwa imemwahidi kwamba alichosema hakitatoka nje ya chumba. Tungefanyaje, tutimize ahadi na tumwache alale na watu wazima? Ahadi ile ilikuwa mbovu. Tuliitoa bila kufikiri kwamba mtu anaweza kutuambia jambo ambalo kulificha ni kumdhuru. Tulimtafuta shangazi yake nje, yeye akampeleka mwanasheria anayesaidia bila malipo, na mwanasheria akaingia kwa mlango wake wa kawaida na cheti cha kuzaliwa mkononi, kama kwa kesi nyingine yoyote. Jina la utafiti halikutajwa. Karatasi za ridhaa tunazoandika sasa zinasema tangu mwanzo ni mambo gani hatuwezi kuyafungia kinywani.

Mstari wa nje

Kazi haikufa. Ilihamia nje ya lango.

Si sisi tulioanza kufikiri hivyo. Mwezi Februari 1971 mjini Paris, mwanafalsafa Michel Foucault na wenzake walitangaza kundi la kukusanya habari za magereza ya Ufaransa. Milango ilikuwa imefungwa kwao. Wakachukua dodoso zao wakazipeleka kwa familia zilizosimama kwenye mistari ya kungoja kuwaona watu wao. Ukifikiri, kila kinachoingia gerezani na kila kinachotoka kinapita mikononi mwa watu wa mstari huo.

Ila mstari nao una adabu zake, na tulizijifunza polepole. Kabla mama hajapeleka chakula, usimuulize kitu: bukari linapoa, nafasi yake inapotea, na mlinzi anaona nani anaongea na nani. Tulikaa mbali, kwenye kivuli cha muuza chai, tukawangoja wanaotoka na mabakuli matupu. Aliyetaka kukaa alikaa. Aliyepita alipita, na hapakuwa na msaidizi wa mtu yeyote wa kuhesabu waliopita. Pale ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza watu wanatukatalia, wengi tu, na nikafurahi kukataliwa. Mmoja alisema tu, "Leo hapana, papa, nimechoka," akaenda zake.

Karatasi na wino tuliviacha. Ridhaa ilitolewa kwa mdomo, na neno la kuitika tuliliondoa. Tulisema: "Unaweza kutupa habari, unaweza kukatala, yote ni sawa." Anketi nayo tuliiacha, mwanafunzi alijitambulisha kama mwanafunzi anayeandika kitabu cha shule juu ya chakula cha wafungwa.

Mama mmoja wa Kenya, ile komuni yetu ya Lubumbashi, alituonyesha daftari la mtoto la hesabu. Kurasa za mbele ni za shule. Ukiligeuza nyuma, ni hesabu zake yeye: unga, makala (makaa), nauli, sabuni, dawa ya kuhara. Kila juma mstari wa mwisho umeandikwa "mulango", yaani kitu kidogo cha kumfikishia mtu wake chakula bila kuchelewa. Kwenye ukurasa wa mwezi wa tisa alikuwa amekata neno "viatu" kwa wino mwekundu. Dodoso letu la zamani lenye sehemu nne halikuwa na mahali pa kuandika kitu kama hicho.

Tuliongea pia na waliokwisha kutoka, nyumbani kwao, miezi baada ya kuachiliwa. Hao ndio waliotueleza kuhusu mahali pa kulala, kwa kirefu na bila hofu, zaidi ya yote tuliyoyapata chumbani kwa mkurugenzi.

Tulichopoteza ni kikubwa, na mwanafunzi alikiandika wazi kwenye memwari yake. Mfungwa asiye na mtu hana anayesimama kwenye mstari. Anayekula vungule peke yake, aliyeletwa kutoka mbali, ambaye ndugu hawajui alipo, huyo hayumo katika kazi yetu. Ni kusema wenye njaa kubwa zaidi ndio tusiowafikia. Mjumbe mmoja wa jopo alimbana sana juu ya hilo siku ya kutetea. Alikuwa na haki ya kumbana. Mwanafunzi alijibu kwamba njia pekee ya kuwafikia aliyoijua ilipita kwenye karatasi ya kapita.

Kuna kitu kimoja zaidi ninachowaambia wanaokuja kwangu sasa na mradi wa aina hii, nacho ni historia ya majengo haya. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia Kasapa wakamtoa Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa wanamgambo, na wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka. Mlinzi akikasirika ukimuuliza milango mingapi au zamu zinabadilika saa ngapi, usimwone mjinga, ana kumbukumbu. Mwishoni mwa Septemba 2020, humo humo Kasapa, wafungwa waliasi, sehemu ya wanawake ikachomwa moto, na kwa siku tatu wanawake walibakwa uani. Mtu aliyepitia hayo haulizwi kwa dodoso na mwanafunzi atakayeondoka saa tisa alasiri.

Na Januari 2025, vita ilipoingia Goma, mashariki mwa nchi yetu, gereza la Munzenze lilivunjwa na kuwaka moto. La Bukavu likabaki wazi mwezi uliofuata. Nilifikiria madaftari. Mtafiti anamwahidi mtu siri chini ya utawala fulani, na asubuhi moja utawala si ule, na daftari liko kwenye begi chini ya kitanda. Tangu hapo hatuweki karatasi yenye kumwelekea mtu zaidi ya siku zinazohitajika kuinakili bila alama zake. Baada ya hapo inachomwa.

Hiyo ya kuchoma tuliianzia kwa mama yule. Tulikwenda kwake Jumapili mchana, mwanafunzi na mimi. Mumewe alikuwa amerudi kulala karibu na ukuta wiki mbili zilizopita. Mama alikuwa uani anawasha mbabula, jiko la makala. Mwanafunzi alimpa karatasi mbili alizozitoa kwenye daftari, mtu wa 4, ukurasa wa kwanza na wa pili, akamwambia hakuna nakala. Mama hakujua kusoma Kifaransa. Alimwita binti yake wa sekondari, akamwambia asome kwa sauti, kila swali na kila jibu, hadi mwisho. Palipofika pa mahali pa kulala na kiasi alicholipa, akasema, "Pale alikosea, ilikuwa zaidi." Kisha akazikunja, akaziingiza chini ya makala, akapuliza.